Kuitwa na Kutoitwa

Jumatano ya tarehe 26 Aprili 2023, mchezo ukiwa katika kipindi cha nane kati ya tisa, mwanamume wa miaka 33 aliinuka kwenye benchi la Pittsburgh Pirates akiwa na gongo mkononi. Alikuwa anaingia badala ya Andrew McCutchen, kipenzi cha mji ule. Shabiki akiona kipenzi chake kinatolewa, kwa kawaida hununa. Siku ile watu walisimama, wakapiga makofi, wakaliimba jina la aliyeingia: Drew Maggi. Mrushaji wa Los Angeles Dodgers, Alex Vesia, hakuwa na muda wa hisia hizo. Akarusha, Maggi akashindwa kuupiga, akatolewa, akarudi kukaa.

Basi. Hakuokoa mechi, hakuweka rekodi, hata kituo cha kwanza hakukifikia. Na bado tukio hilo lilisimuliwa Marekani nzima kama ushindi, kwa sababu moja tu: kabla ya jioni ile Maggi alikuwa amecheza mechi 1,155 katika ligi ndogo, misimu 13, bila kucheza hata mpira mmoja wa ligi kuu. Mwaka 2021 Minnesota Twins walimpandisha, akavaa jezi, akakaa benchi, akashushwa bila kuingizwa. Alipoitwa tena alikuwa Altoona, mji mdogo wa Pennsylvania, ngazi mbili chini ya ligi kuu. Ipo video ya dakika ile: msimamizi wa timu, Callix Crabbe, anatangaza mbele ya wachezaji wote chumbani, na chumba kinalipuka kwa shangwe. Crabbe mwenyewe alijua alichokuwa anakitoa. Yeye aliwahi kucheza ligi kuu mwaka 2008, mechi 21, ikaishia hapo.

Asiyeujua mchezo huu anahitaji mambo mawili tu ili aendelee kusoma. La kwanza: besiboli ni mchezo wa kushindwa. Mpigaji anayefaulu mara tatu kati ya kumi huhesabiwa hodari, na akidumu hivyo miaka mingi anakuwa tajiri. La pili: chini ya timu 30 za ligi kuu kuna ngazi nne za timu ndogo, jumla yake 120, na chini ya hizo kuna kambi za chipukizi. Vijana huingia wakiwa na miaka 17, 18 au 22, wakaanza kupanda ngazi moja moja wakingoja kuitwa. Makadirio yanayorudiwa sana ni kwamba anayefika juu ni kama mmoja kati ya kumi. Tangu ligi ianze mwaka 1876, watu wote waliowahi kucheza ligi kuu, walio hai na waliokufa, ni kama 23,000. Ukiwakusanya wote hawajazi hata nusu ya Uwanja wa Benjamin Mkapa, Dar es Salaam.

Hapa ndipo linapoanza swali ambalo si la michezo. Hadithi ya Maggi inakaa vizuri mno kwenye mimbari. Mvumilivu hula mbivu. Subira huvuta heri. Kijana alivumilia miaka 13, Mungu akamjibu. Waumini wanaitikia, sadaka inapita. Lakini mhubiri mwangalifu angejiuliza: na wale tisa? Kama kuitwa kwa Maggi ni jibu la subira yake, kutoitwa kwa wenzake ni jibu la nini?

Mchukue Mike Hessman. Aliteuliwa na Atlanta mwaka 1996 katika raundi ya 15 ya uteuzi wa vijana wapya, ileile ambayo Maggi aliteuliwa na Pittsburgh mwaka 2010. Hessman alikuwa jitu la kuvusha uzio, yaani kuupiga mpira ukatoka nje ya uwanja. Mwezi Agosti 2015, akiwa na timu ya Toledo, Ohio, alivusha mpira wake wa 433 katika ligi ndogo, akaivunja rekodi ya Buzz Arlett iliyokuwa imesimama tangu miaka ya 1930. Hakuna aliyefanya hivyo mara nyingi zaidi katika ligi ndogo za Marekani. Misimu ishirini! Katika ligi kuu alicheza mechi 109, akavusha mara 14. Alikuwa bora mno kwa wa chini na pungufu kidogo kwa wa juu, na kidogo hicho hakikuzibika kwa miaka ishirini ya jasho. Msimu huohuo alioweka rekodi ukawa wa mwisho kwake.

Mtu angesema: lakini Hessman aliitwa, tena mara kadhaa. Kweli. Ndiyo maana anafaa zaidi kuliko wale ambao majina yao hayajulikani. Yeye alipewa kila kitu ambacho methali inaahidi, akavumilia kuliko Maggi, na mbivu aliyoila ilikuwa nusu kipande. Rekodi yake yenyewe ni ya ajabu: haiwezekani kuivunja bila kuwa umeshindwa kupanda. Ni taji linalovaliwa na aliyekaa chini muda mrefu kuliko wote.

Kiswahili kina neno zuri kwa jambo hili kuliko lugha nyingi. Watu wa pwani husema riziki kama ajali, huitambui ijapo. Leo tukisikia ajali tunafikiria basi lililopinduka. Katika Kiswahili cha zamani ajali ni pia saa iliyoandikwa, muda wa mtu uliokwisha kupangwa. Neno moja linabeba vyote viwili, kilichopangwa na kilichotokea tu kwa ghafla, na methali inamwambia mtu kwamba akiwa ndani ya tukio hataweza kuvitofautisha.

Adam Greenberg angeielewa methali hiyo bila kufasiriwa. Tarehe 9 Julai 2005, akiwa na miaka 24, aliingizwa na Chicago Cubs kupiga kwa mara ya kwanza katika ligi kuu, ugenini Florida. Mrushaji alikuwa Valerio de los Santos. Mpira wa kwanza kabisa aliorushiwa, kwa mwendo wa karibu kilomita 148 kwa saa, ulimpata kichwani. Riziki na ajali zilifika pamoja, katika mpira mmoja. Alipata kizunguzungu na matatizo ya macho yaliyomsumbua muda mrefu, akarudi ligi ndogo, hakuitwa tena.

Kwa miaka saba hivyo ndivyo ilivyokuwa. Kisha mashabiki wakaanzisha kampeni ya kumwombea nafasi moja ya haki, na tarehe 2 Oktoba 2012 timu ya Miami Marlins ikampa mkataba wa siku moja. Akaingia uwanjani watu wakiwa wamesimama. Aliyekuwa anarusha upande wa pili ni R.A. Dickey wa New York Mets. Mirusho mitatu, Greenberg akatoka.

Masimulizi yanaishia kwa Greenberg, lakini mtu wa kutazamwa kwa makini siku ile ni yule aliyemtoa. Dickey alikuwa na miaka 37. Mwaka 1996 Texas Rangers walikuwa wamemwahidi dola 810,000 asaini, mpaka mtu wa timu akaona picha yake gazetini mkono ukining'inia kwa namna isiyo ya kawaida. Wakampima. Wakakuta kiwiko chake cha kulia hakina ule mshipi unaoshikilia mifupa miwili, yaani kitu ambacho mrushaji hawezi kuishi bila hicho. Alizaliwa bila mshipi huo au ulipotea utotoni, hakuna aliyejua. Ahadi ikashuka hadi dola 75,000. Akazunguka ligi ndogo miaka mingi, akiitwa na kushushwa, mpaka akaacha kurusha kwa nguvu na kujifunza mrusho wa ajabu, mpira unaokwenda polepole bila kuzunguka na kuyumba hewani kama nzi. Mwaka ule wa 2012 alitangazwa mrushaji bora wa ligi yake. Januari ya mwaka huohuo, huku timu yake ikimwonya kwamba akiumia mkataba unaweza kuvunjwa, alikuwa Tanzania akipanda Mlima Kilimanjaro hadi kileleni kuchangisha fedha za kuwasaidia wasichana wa Bombay.

Wasimamishe sasa wawili hawa, mita 18 na kidogo kati yao. Mmoja alizaliwa mzima, mpira wa kwanza ukamharibia. Mwingine alianza na mkono uliopungukiwa, akafika kileleni, cha mchezo na cha mlima. Wote wawili waliteseka miaka mingi, wala hakuna aliyemzidi mwenzake kwa subira. Dickey ni Mkristo wa kujitangaza na ameandika juu ya imani yake. Angekuwa mjinga au mwongo kama angesema Mungu alimpenda kuliko aliyesimama mbele yake.

Wanatheolojia wakubwa hawakusema hivyo pia. Abu Hamid al-Ghazali, katika sehemu ya Ihya Ulum al-Din inayohusu tawakkul, anamcheka mtu anayeacha kupanda mbegu kisha akakaa kungoja Mungu amwoteshee mazao. Mkulima lazima alime. Lakini Ghazali huyohuyo haachi nafasi ya mkulima kudhani kwamba jembe ndilo lililoleta mvua. Ukiisoma sawasawa hoja hii ina makali pande mbili. Aliyekosa kuvuna hawezi kuambiwa moja kwa moja kwamba hakulima vizuri. Na aliyevuna hawezi kuonyesha ghala lake kama cheti cha uchaji. Mimbari hupenda upande wa kwanza wa Ghazali, ule wa jembe. Upande wa pili hauna sadaka nyingi.

Mwaka 1976 Mwingereza Bernard Williams na Mmarekani Thomas Nagel walilileta jambo hilihili katika falsafa bila kumtaja Mungu. Williams alitoa mfano wa mchoraji kama Gauguin, anayeiacha familia yake ili akachore visiwani. Akifaulu, dunia itasema alikuwa na sababu. Asipofaulu, ni mtu tu aliyewatelekeza watoto. Uamuzi ni uleule, moyo ni uleule. Kinachoamua sifa yake ni kitu kilichotokea baadaye na nje ya uwezo wake. Peleka hoja hiyo Altoona. Siku moja kabla ya kuitwa, Maggi alikuwa mtu wa miaka 33 aliyekuwa anacheza na vijana wa miaka 22 kwa mshahara mdogo. Siku moja baadaye alikuwa mfano wa kuigwa. Je, kuna kitu kilichokuwa kimebadilika ndani yake usiku ule?

Mashabiki wa Pittsburgh walitoa jibu lao, na ni jibu bora kuliko la mhubiri: walipiga makofi kabla hajapiga mpira. Hawakungoja matokeo. Hapo wanastahili sifa. Ila pia, tuseme kweli, hawakupiga makofi hadi alipokuwa amekwisha kuitwa. Mechi zile 1,155 hazikuwa na wa kuzisimamia.

Ipo sadfa ambayo mtu wa imani ataiita kitu kingine. Miaka sita kamili kabla ya Maggi, tarehe 26 Aprili 2017, katika uwanja uleule na jezi ileile ya Pirates, aliingia Gift Ngoepe, Mwafrika wa kwanza aliyezaliwa barani kucheza ligi kuu ya Marekani. Jina lake lingine ni Mpho, maana yake zawadi. Alilelewa Randburg, kando ya Johannesburg, ndani ya jengo la klabu ya Randburg Mets, kwa sababu mama yake ndiye aliyekuwa mtunzaji wa jengo hilo na walipewa chumba humo. Mtoto alifungua dirisha akaona uwanja. Pirates walimsaini mwaka 2008, akakaa ligi ndogo karibu miaka tisa. Alipopiga kwa mara ya kwanza, dhidi ya Jon Lester wa Cubs, alifaulu kufika kituo cha kwanza. Mama hakuwepo kuona. Alikuwa amefariki mwaka 2013.

Ngoepe alicheza mechi 28 mwaka ule, na 13 mwaka uliofuata akiwa Toronto. Jumla 41.

Je, chumba kile Randburg kilikuwa kadari? Kama mama angepata kazi ya usafi katika ofisi ya mjini, bara lingengoja mtu mwingine. Mwenye imani ana haki ya kuona mkono wa Mungu hapo, na sioni sababu ya kumnyang'anya. Anachokosa ni haki ya kuuona mkono huo kwa Ngoepe na kutouona kwa mtoto wa mlango wa pili, ambaye mama yake alifanya kazi ileile, kwa uchovu uleule, mahali pasipo na uwanja dirishani.

Tatizo labda limo katika neno lenyewe. Watangazaji wetu husema mchezaji ameitwa timu ya taifa. Padri naye huitwa. Wito ndilo neno tunalotumia kwa upadri na utawa. Mtu akiutamani mchezo tangu utotoni, akaacha shule, akaishi kwa mikate na siagi ya karanga kwenye mabasi ya usiku, simu ikilia anaona ni sauti kutoka juu. Lakini aliyepiga simu ni mkurugenzi wa michezo ambaye mchezaji wake mmoja kaumia nyama ya paja.

Kijana mmoja aliyatenganisha mambo haya mawili kwa namna ambayo bado inawashangaza watu. Grant Desme, chipukizi wa Oakland, mwaka 2009 alivusha uzio mara 31 na kuiba vituo mara 40, na hakuna mwingine katika ligi ndogo zote aliyefikisha 30 na 40 mwaka ule. Vuli ikaja, akachaguliwa mchezaji bora wa ligi ya Arizona ambako timu hupeleka vijana wao bora. Kila mtu alijua simu yake iko njiani. Januari 2010 akatangaza kwamba anaacha, anakwenda kuomba kujiunga na watawa wa St. Michael's Abbey, California. Maelezo yake yalikuwa mepesi: kila kitu kilikuwa kinakwenda vizuri, na moyo haukutulia. Wakuu wa Oakland walimtakia heri. Watu wengine walisema kapoteza bahati. Neno bahati hapo lina maana gani, kwa mtu aliyekuwa anasikia simu mbili zikilia na akapokea ile isiyo na mshahara?

Na mshahara ndio unaotufikisha kwenye shamba.

Mfumo wa timu ndogo kumilikiwa na timu kubwa uliitwa shamba na wenyewe, na mkulima wake mkuu alikuwa Branch Rickey wa St. Louis Cardinals kuanzia miaka ya 1920. Rickey alikuwa Mmethodisti wa kweli kweli. Hakukanyaga uwanjani siku ya Jumapili. Timu yake ilicheza Jumapili kama kawaida, na viingilio havikurudishwa. Nadharia yake ilikuwa kwamba ukipanda mbegu nyingi mno, chache zitaota bila gharama ya kununua miche ya watu. Wachezaji walirundikana kwa mamia, wakiwa wamefungwa kisheria kwa mwajiri mmoja, hata pale ambapo klabu nyingine ingewapa nafasi. Mwaka 1938 kamishna wa besiboli, Kenesaw Mountain Landis, aliwafungulia kwa mkupuo zaidi ya wachezaji 70 wa shamba la Rickey. Ni Rickey huyohuyo, baada ya kuhamia Brooklyn, aliyemsaini Jackie Robinson, mchezaji Mweusi aliyevunja ubaguzi wa rangi wa ligi kuu, na kumpandisha mwaka 1947, kwa hiyo historia haimwachi mtu amhukumu kwa urahisi.

Shamba lilidumu, na subira ikawa mbolea yake. Hadi mwaka 2022 chipukizi wa ngazi ya chini kabisa alikuwa na kima cha chini cha dola 4,800 kwa mwaka. Aliyekuwa hatua moja tu chini ya ligi kuu alianzia dola 17,500. Wengi walilala watano au sita katika nyumba moja ya kupanga, wakabeba mizigo madukani miezi ya baridi. Wachezaji walipofungua kesi mwaka 2014 kudai kima cha chini cha mshahara kama wafanyakazi wengine, wenye ligi walijibu kwamba hawa ni wanafunzi wa kazi, wapo msimu tu. Machi 2018 Bunge la Marekani likapitisha sheria ya matumizi ya serikali yenye kurasa zaidi ya 2,000, na ndani yake kulikuwa na kifungu kifupi kilichowaondoa wachezaji wa ligi ndogo katika ulinzi wa kima cha chini na malipo ya saa za ziada.

Soma tena mahubiri ya subira ukiwa na takwimu hizo mkononi. Kijana anaambiwa na kocha avumilie, anaambiwa na mama avumilie, mhudumu wa kiroho wa timu anamwombea Jumapili asubuhi apewe uvumilivu, na mwajiri, ambaye ndiye anayefaidi uvumilivu huo, anasema amina. Kumngojea Mungu ni ibada. Kumngojea tajiri akulipe siku utakayokuwa nyota ni mkopo unaompa bila riba, na hakuna dini kati ya zetu mbili kubwa inayouagiza. Waislamu wanafundishwa kwamba ujira wa kibarua utolewe kabla jasho lake halijakauka. Wakristo wana mfano wa shamba la mizabibu katika Injili ya Mathayo, ambapo waliokuja saa ya mwisho wanalipwa sawa na waliokuja alfajiri. Wahubiri huueleza mfano huo kama fumbo la neema, na ni haki yao. Ila jambo moja hupitwa haraka: jioni ileile, kila mtu alilipwa alichoahidiwa. Katika shamba la besiboli waliokuja alfajiri walilipwa matumaini.

Aliyeongoza kesi ile upande wa wachezaji ni Garrett Broshuis. Alikuwa mrushaji katika shamba la San Francisco Giants kwa miaka sita, hakuitwa, akaenda kusomea sheria. Mwaka 2022 ligi ilikubali kulipa dola milioni 185 kumaliza kesi. Mwaka huohuo wachezaji wa ligi ndogo wakaingia chama cha wafanyakazi, na mkataba wa kwanza ukasainiwa 2023: ngazi ya chini ikapanda hadi dola 19,800, ya juu hadi 35,800. Si utajiri. Kima cha chini cha ligi kuu mwaka huo kilikuwa dola 720,000, sawa na takriban 3,900 kwa kila siku ya msimu, kwa hiyo siku nane za juu zilizidi kima cha chini cha mwaka mzima cha ngazi ya Altoona. Lakini ni mshahara wa mtu, na haukuletwa na subira. Uliletwa na mtu aliyekataa kuendelea kuwa nayo.

Sasa yupo mmoja ambaye hadithi yake hunukuliwa na pande zote. Archibald Graham, kwa jina la utani Moonlight, aliingizwa na New York Giants tarehe 29 Juni 1905 dhidi ya Brooklyn, akalinda upande wa kulia wa uwanja kwa vipindi viwili. Mpira haukumfikia. Zamu ya timu yake kupiga ilipokwisha, yeye ndiye aliyekuwa anafuata. Hakucheza tena ligi kuu. Akawa daktari katika mji wa machimbo wa Chisholm, Minnesota, akahudumia shule za huko zaidi ya miaka 40, akapima shinikizo la damu la watoto wa wachimbaji mwaka baada ya mwaka, na husimuliwa kwamba aliwagawia miwani ambao wazazi wao hawakuweza kununua. Alifariki mwaka 1965. Miaka mingi baadaye riwaya, kisha filamu ya mwaka 1989, ikamfanya mashuhuri, na ikamfanya mtu aliyekosa.

Ni tafsiri ya ajabu ukiitafakari. Daktari wa watoto kwa zaidi ya miaka 40, na kinachomsikitisha mtazamaji ni kwamba hakupata kupiga mpira mmoja Brooklyn. Aliyemwita Chisholm ni nani, basi, kama aliyemwita New York alikuwa Mungu?

Maswali haya yamekwisha kufika kwetu, tena si kwa filamu. Mwaka 2011 watoto wa Kampala walifuzu kwenda kwenye fainali za dunia za besiboli ya watoto huko Williamsport, Pennsylvania, wakanyimwa viza. Mwaka uliofuata wenzao wa Lugazi walikwenda, wakawa timu ya kwanza ya Afrika kucheza fainali hizo. Mwaka 2022 Los Angeles Dodgers waliwasaini warushaji wawili wa Uganda, Ben Serunkuma na Umar Male. Mwaka 2023 Dennis Kasumba, aliyejulikana kwa video zake za kujinoa kwa matairi na chupa kando ya nyumba za mtaani, alivaa jezi ya Frederick Keys huko Maryland, katika ligi ya vijana wanaotafuta kuteuliwa. Nyuma yao wapo wengine wengi, na kila mmoja ana mchungaji, shehe, shangazi au mwalimu anayemwambia avumilie.

Wamwambie. Lakini wasome na karatasi anayosaini. Mkataba ule wa 2023 unawahusu wachezaji wa ligi ndogo walio Marekani. Ligi ya kiangazi ya Jamhuri ya Dominika, ambako timu zilezile 30 huwapeleka mamia ya chipukizi wa nje kuanza safari, haimo ndani yake.